Mobeni: Nani humchanja mhamasishaji wa chanjo?

Katika mitaa inayolizunguka eneo la viwanda la Mobeni, kusini mwa jiji la Durban nchini Afrika Kusini, mtu wa kwanza kumfikia mgonjwa mara nyingi si daktari wala muuguzi. Ni mwanamke wa mtaa huo huo, mwenye mkoba begani na daftari mkononi, apitaye nyumba kwa nyumba akiuliza nani anakohoa, nani ameacha dawa na mtoto gani amekosa chanjo.

Watu wa aina hiyo wanajulikana kwa majina mbalimbali. Tanzania huwaita wahudumu wa afya ya jamii. Kenya iliwaita kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa kujitolea, kabla ya kuwapa jina jipya la wahamasishaji wa afya mwaka 2023. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, ambako Durban ndilo jiji kuu, wanajulikana kama watunzaji wa jamii.

Majina ni mengi, lakini kazi ni ile ile na posho ni ile ile ndogo. Janga la Covid-19 liliibua swali ambalo hapo awali halikuulizwa sana: hawa wanaotumwa kuwashawishi wengine wachanjwe, wao wenyewe wamechanjwa? Na ikiwa hawajachanjwa, je, wamekataa au wamesahauliwa?

Mobeni ni wapi?

Jina Mobeni linatokana na neno la Kizulu, umoba, lenye maana ya muwa. Kabla ya viwanda kulikuwa na mashamba ya miwa. Halmashauri ya jiji la Durban iliyageuza mashamba hayo kuwa eneo la viwanda katika miaka ya 1940, na leo maghala, karakana na viwanda vimepangana kando ya barabara kuu iendayo pwani ya kusini.

Kuzunguka viwanda hivyo kuna makazi ya watu. Lamontville, kitongoji kilichojengwa kwa ajili ya Waafrika katika miaka ya 1930, kiko jirani kabisa. Merebank na Chatsworth vilitengewa watu wenye asili ya Kihindi, Wentworth ikatengewa waliobandikwa jina la machotara, na Umlazi ikawa mojawapo ya vitongoji vikubwa kabisa vya Waafrika nchini humo. Mgawanyo huo ulikuwa kazi ya sheria za ubaguzi wa rangi, na alama zake bado zaonekana katika ramani ya zahanati na hospitali.

Hewa ya kusini mwa Durban ni suala la malalamiko ya miaka mingi. Kulikuwa na mitambo miwili ya kusafishia mafuta, kiwanda cha karatasi, na malori yasiyohesabika. Magonjwa ya kifua si jambo geni huko, na kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vimelibana jimbo la KwaZulu-Natal kuliko takriban sehemu nyingine yoyote ya nchi.

Ndani ya Mobeni yenyewe iko hospitali ya serikali ya Clairwood, ambayo mwaka 2020 iliandaliwa kupokea wagonjwa wa Covid-19. Hospitali nyingine kubwa zinazotegemewa na wakazi ni R. K. Khan huko Chatsworth na Prince Mshiyeni huko Umlazi.

Mbegu iliyopandwa zamani

Ni wachache wanaokumbuka kwamba fikra ya kumtumia mtu wa mtaani kulinda afya ya mtaa wake ina mizizi mirefu katika eneo hili.

Mwaka 1940 madaktari wawili, Sidney Kark na mkewe Emily, walifungua kituo cha afya katika eneo la mashambani la Pholela, magharibi mwa Durban. Hawakusubiri wagonjwa waje. Waliwafunza vijana wa huko kuwa wasaidizi wa afya, wakawatuma kutembelea kaya, kuandika habari za kila familia na kufundisha lishe na usafi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kazi hiyo ilipanuliwa kwa kuanzishwa taasisi ya afya ya familia na jamii mjini Durban. Kituo cha Lamontville, jirani na Mobeni, kilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mafunzo.

Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alikaa miezi kadhaa akijifunza huko Pholela na Lamontville. Aliporejea kwao alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vituo vya afya vya jamii katika maeneo ya maskini ya Boston na jimbo la Mississippi. Wamarekani wengi wanaotibiwa katika vituo vya aina hiyo hawajui kwamba mfano wake ulitoka katika vilima vya Natal na kitongoji cha Durban.

Nyumbani mbegu hiyo haikuachwa ikue. Serikali ya ubaguzi wa rangi haikupendezwa na mpango uliohesabu afya ya Mwafrika kuwa haki. Fedha zilipunguzwa, na mwaka 1958 akina Kark waliihama Afrika Kusini. Vituo vilivunjwa kimoja baada ya kingine.

Wahudumu wa leo

Wahudumu walirejea kwa wingi miaka ya 1990 na 2000, wakati Ukimwi ulipokuwa ukiua maelfu na hospitali zilipofurika. Wengi walianza kama watu wa kujitolea chini ya makanisa na mashirika yasiyo ya kiserikali, wakiwaogesha na kuwalisha majirani waliokuwa kitandani.

Mwaka 2004 serikali ilitoa sera ya kwanza ya kuwaratibu. Mwaka 2011, baada ya viongozi wa wizara kujifunza kutoka Brazil, ulianzishwa mpango wa timu za kata: muuguzi mmoja na wahudumu kadhaa, kila mhudumu akipewa kaya zake za kutembelea.

Hata hivyo, swali la mwajiri wao halikupata jibu la haraka. Mwaka 2018 yalifikiwa makubaliano ya kuwalipa kima cha randi 3,500 kwa mwezi, fedha zilizoitwa posho wala si mshahara. Jimbo la Gauteng liliwaajiri wahudumu wake kwa mkataba wa kudumu mwaka 2020, lakini wenzao wa majimbo mengine waliendelea kuandamana wakidai hatua kama hiyo.

Jambo hili, ingawa laonekana kuwa la fedha tu, linagusa moja kwa moja suala la chanjo. Mfanyakazi aliye katika orodha ya hospitali anajulikana kwa jina na namba. Anapopangwa kuchanjwa, huitwa. Asiye katika orodha hiyo lazima ajitafutie njia.

Janga labisha hodi

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Afrika Kusini alitangazwa tarehe 5 Machi 2020, naye alikuwa mkazi wa KwaZulu-Natal aliyerejea kutoka Italia.

Wiki chache baadaye Durban ilipata funzo chungu. Katika hospitali ya binafsi ya St Augustine's, virusi vilienea kutoka wodi hadi wodi. Uchunguzi wa wanasayansi wa chuo kikuu cha KwaZulu-Natal ulibaini watu 119 walioambukizwa, 80 kati yao wakiwa wafanyakazi. Wagonjwa 15 walifariki dunia. Ilidhihirika kwamba mhudumu asiyekingwa hujihatarisha mwenyewe na pia humhatarisha anayemhudumia.

Mwezi Aprili mwaka huo, serikali iliwatuma wahudumu wa jamii zaidi ya 28,000 nchini kote kubisha hodi majumbani na kuuliza dalili. Professa Salim Abdool Karim wa Durban, aliyeiongoza kamati ya washauri wa serikali, aliutaja mpango huo kuwa silaha ambayo nchi nyingi tajiri hazikuwa nayo.

Silaha hiyo ilikuwa na ngao hafifu. Vyama vya wafanyakazi vililalamika kwamba wahudumu walipewa barakoa chache na vitakasa mikono visivyotosha, na kwamba wengine walisafiri kwa teksi zilizojaa abiria kutoka nyumba za wagonjwa hadi makwao.

Sisonke

Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi milioni moja za AstraZeneca, iliwasili kutoka India tarehe 1 Februari 2021. Siku sita baadaye mpango ukasimamishwa. Utafiti mdogo ulikuwa umeonyesha kwamba chanjo hiyo haikutoa kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa wastani uliosababishwa na aina mpya ya virusi, ambayo baadaye iliitwa Beta.

Aina hiyo ilikuwa imetambuliwa na wanasayansi waliokuwa Durban, wakiongozwa na Professa Tulio de Oliveira, na kutangazwa Desemba 2020. Hivyo jiji lililogundua tatizo lilikuwa pia miongoni mwa majiji yaliyolipa gharama yake.

Serikali ikageukia chanjo ya kampuni ya Johnson & Johnson. Kwa kuwa ilikuwa haijasajiliwa rasmi, ilitolewa kwa njia ya utafiti mkubwa ulioitwa Sisonke, neno lenye maana ya tuko pamoja. Dozi 80,000 za kwanza ziliwasili usiku wa tarehe 16 Februari. Kesho yake, katika hospitali ya Khayelitsha mjini Cape Town, muuguzi Zoliswa Gidi-Dyosi alichanjwa, na rais Cyril Ramaphosa akachanjwa siku hiyo hiyo.

Sisonke iliwalenga wahudumu wa afya wa kila daraja, wahudumu wa jamii wakiwemo. Katika KwaZulu-Natal, hospitali ya Prince Mshiyeni huko Umlazi ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Kwa wahudumu wa Lamontville na vitongoji jirani, hicho kilikuwa kituo kinachofikika.

Chanjo ya dozi moja ilikuwa na faida kubwa kwa watu hawa. Mtu anayelipwa posho hawezi kukosa kazi mara mbili na kulipa nauli mara mbili bila kuhisi pengo mfukoni.

Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba. Kila aliyetaka kuchanjwa alitakiwa kujiandikisha kwa njia ya mtandao wa kompyuta au simu, kisha kusubiri ujumbe wenye namba ya siri. Mwenye simu ya kisasa na fedha za intaneti alipita haraka. Asiye navyo alihitaji msaada wa msimamizi wake, na si kila msimamizi alikuwa na nafasi.

Matokeo yalikuwa nini?

Kufikia katikati ya Mei 2021, Sisonke ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya wapatao 477,000 nchini kote, karibu sana na lengo la nusu milioni.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la The Lancet yalionyesha kwamba chanjo hiyo ilipunguza vifo vitokanavyo na Covid-19 kwa asilimia 83, na kulazwa hospitalini kwa asilimia 67. Katika kipindi hicho Afrika Kusini ilipitia mawimbi ya aina za Beta na Delta.

Hata hivyo, takwimu ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini. Dozi ya nyongeza ilipotolewa kwa watu wale wale kuanzia Novemba 2021, waliorudi walikuwa takriban nusu tu.

Kushuka huko kulikuwa na sababu zaidi ya moja. Hofu ilikuwa imepungua, wengi walikuwa wamekwisha kuugua na kupona, na wengine walihoji faida ya dozi nyingine. Kwa mhudumu wa kitongojini kulikuwa na sababu ya ziada, kwamba siku ya kwenda kuchanjwa na siku ya kulala na homa baada ya sindano zote hutoka mfukoni mwake.

Visiki njiani

Mpango wenyewe haukwenda kwa njia iliyonyooka. Tarehe 13 Aprili 2021 Sisonke ilisitishwa baada ya Marekani kuripoti wanawake sita waliopata aina adimu ya kuganda kwa damu, kati ya watu zaidi ya milioni sita waliokuwa wamechanjwa. Ilianza tena tarehe 28 mwezi huo baada ya uchunguzi.

Kitaalamu, kusitisha kulikuwa ishara ya uangalifu. Mlangoni mwa nyumba, kulisikika tofauti. Mhudumu aliyekuwa jana akisema chanjo ni salama alilazimika leo kueleza kwa nini imesimamishwa, na kesho kueleza kwa nini imerejea, huku naye akiwa amesikia habari hizo kwenye redio kama majirani zake.

Mwezi Julai mwaka huo ghasia zikazuka katika KwaZulu-Natal na Gauteng, kufuatia kufungwa kwa rais wa zamani Jacob Zuma. Zaidi ya watu 350 waliuawa. Maduka ya dawa yaliporwa, maghala yakachomwa moto, barabara zikafungwa na vituo kadhaa vya chanjo vikasimamisha huduma katika kilele cha wimbi la tatu.

Kabla majeraha hayajapona, mvua kubwa za Aprili 2022 zilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 430 katika jimbo hilo, na kuyaacha maeneo mengi ya Durban bila maji safi. Kwa mara nyingine, wahudumu wa jamii walikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuwajua wagonjwa waliopoteza makazi na dawa zao.

Kwa nini baadhi walisita?

Ni rahisi kumlaumu mhudumu wa afya anayekataa chanjo. Ni vigumu zaidi, na pana manufaa makubwa zaidi, kuuliza amesikia nini na kutoka kwa nani.

Wahudumu hawa ni watu wa jamii zao. Wanasali katika makanisa, misikiti na mahekalu yale yale, na wanapokea katika simu zao uvumi ule ule. Mafunzo ya wiki chache hayamfanyi mtu kuwa bingwa wa kinga ya mwili, na mara nyingi walitumwa kuhamasisha kabla wao wenyewe hawajapewa nafasi ya kuuliza maswali.

Aidha, Afrika Kusini ina sababu zake za kutokuwa na imani. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisikiliza ushahidi kuhusu mradi wa siri wa silaha za kemikali na za kibayolojia wa serikali ya ubaguzi wa rangi. Miongoni mwa yaliyofichuliwa ni utafiti wa kutafuta chanjo ya kuzuia uzazi. Chanjo hiyo haikufikia kutumika, lakini nia yake ilitosha kuacha doa. Bibi wa Lamontville anayeuliza iwapo sindano itawafanya wajukuu wake wasizae, haulizi swali la kijinga.

Tarehe 1 Aprili 2020, daktari mmoja wa Ufaransa alipendekeza kwenye televisheni kwamba chanjo ya kifua kikuu ijaribiwe barani Afrika dhidi ya Covid-19. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyalaani matamshi hayo na kuyaita mabaki ya fikra za kikoloni. Hata hivyo maneno yalikwisha kusafiri.

Kuna pia kumbukumbu ya majaribio ya chanjo ya Ukimwi. Mwaka 2007 jaribio moja lililofanywa Afrika Kusini lilisimamishwa baada ya jaribio pacha lililofanywa katika nchi nyingine kushindwa na kuzua shaka kwamba baadhi ya waliochanjwa huenda walikuwa katika hatari zaidi. Waliojitolea walielezwa ukweli, na hiyo ndiyo taratibu. Lakini katika jimbo ambako karibu kila ukoo umeguswa na Ukimwi, habari kama hiyo haisahauliki.

Chanjo iliyosahauliwa

Wakati macho yote yalikuwa kwenye Covid-19, kuna chanjo nyingine ambayo wahudumu wa afya barani Afrika wameikosa kwa miongo kadhaa. Ni chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Virusi vya ugonjwa huu huenea kwa damu na majimaji ya mwili. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa virusi vya Ukimwi, uwezekano huo ni takriban asilimia 0.3. Ugonjwa unaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ukajitokeza kama saratani ya ini.

Chanjo yake imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mhudumu wa afya aliye katika hatari aipate. Dozi ni tatu, kwa kawaida katika muda wa miezi sita.

Afrika Kusini iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 1995. Maana yake ni kwamba mhudumu aliyezaliwa kabla ya mwaka huo, na wengi wa wahudumu wa jamii ni wanawake wa makamo, hakuipata utotoni. Kenya na Tanzania ziliiongeza katika chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hesabu ni ile ile.

Mhudumu wa jamii huosha vidonda, hubadilisha shuka zenye damu na huokota sindano za wagonjwa wa kisukari majumbani. Hospitalini, muuguzi anayefanya kazi hizo ana kitengo cha afya ya wafanyakazi cha kumfuatilia hadi dozi ya tatu. Kwa mhudumu wa mtaani, dozi tatu katika miezi sita ni safari tatu bila mtu wa kumkumbusha.

Wenzao wa Afrika Mashariki

Hali ya kusini mwa Durban si ya pekee. Kenya ilizindua chanjo ya Covid-19 tarehe 5 Machi 2021 katika hospitali ya taifa ya Kenyatta, na wahudumu wa afya ndio waliotangulizwa. Maelfu ya wahudumu wa kujitolea wakati huo hawakuwa na ajira rasmi. Tarehe 25 Septemba 2023 rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji wa afya wapatao 100,000, wenye mikoba ya vifaa, simu na posho inayochangiwa na serikali kuu na za kaunti.

Kenya nayo ilikuwa na kidonda chake. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake ilikuwa na kemikali ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha vikali, lakini miaka saba baadaye swali hilo liliibuka upya katika mazungumzo ya Covid-19.

Tanzania ilichelewa zaidi. Januari 2021 rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Baada ya kifo chake mwezi Machi, rais Samia Suluhu Hassan alibadili mwelekeo na kuchanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai. Mwitikio wa mwanzo ulikuwa hafifu. Ulipopanda katika mwaka 2022, ilikuwa baada ya chanjo kuondolewa hospitalini na kupelekwa vijijini, sokoni na mashambani, wahudumu wa jamii wakishirikiana na viongozi wa mitaa na wa dini. Mwisho wa mwaka huo, zaidi ya nusu ya watu wazima waliolengwa walikuwa wamechanjwa.

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano.

Mashariki mwa Kongo kulikuwa na somo jingine. Katika mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, uliosababisha vifo 2,287, wahudumu wa mstari wa mbele walihesabiwa mapema miongoni mwa wanaopaswa kuchanjwa. Zaidi ya watu 300,000 walipata chanjo. Lakini wahudumu walishambuliwa, na baadhi kuuawa, na watu waliowaona kuwa mawakala wa wageni. Chanjo iliwakinga na virusi, lakini haikuwakinga na chuki.

Wasemao Kiswahili wa Durban

Lugha ya Kiswahili si ngeni kusini mwa Durban. Huko Chatsworth, jirani na Mobeni, wanaishi wazao wa watumwa walioachiwa huru na kuletwa Natal kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Wengi wao walikuwa na asili ya Wamakua, na hadi leo huitwa Wazanzibari. Sheria za ubaguzi ziliwang'oa kutoka makazi yao ya King's Rest, karibu na bandari, katika miaka ya 1960.

Tangu miaka ya 1990 wamekuja wengine: wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na wafanyabiashara kutoka Tanzania na Kenya. Wengi hulinda magari, hunyoa nywele, au hushona nguo.

Mfumo wa kujiandikisha ulipoanza mwaka 2021, ulihitaji kitambulisho, hati ya kusafiria au kibali cha mkimbizi. Asiye na karatasi alisubiri hadi baadaye, milango ilipofunguliwa kwa wasio na nyaraka. Kwa watu hao, maelezo ya chanjo kwa lugha wanayoielewa yalitegemea kwa kiasi kikubwa jirani, mchungaji au imamu. Mhudumu wa jamii anayejua Kizulu na Kiingereza pekee hubisha hodi, lakini mazungumzo huishia kizingitini.

Kinachosaidia

Uzoefu wa nchi hizi unaelekeza mambo machache yaliyo wazi.

La kwanza ni kumfuata mhudumu alipo. Chanjo inayotolewa katika zahanati ambako wahudumu hukutana na muuguzi wao huwafikia wengi kuliko ile inayowataka wapange foleni katika hospitali ya mbali.

La pili ni kumjibu maswali yake kabla ya kumtuma akajibu ya wengine. Mhudumu aliyeshawishika huzungumza kwa sauti tofauti na aliyeamrishwa, na jirani huitambua tofauti hiyo mara moja.

La tatu ni orodha. Nchi isiyojua idadi ya wahudumu wake haiwezi kujua wangapi wamechanjwa. Jina likiwa katika daftari la mishahara, chanjo ya homa ya ini, ya mafua ya kila mwaka na nyingine zijazo zinaweza kufuatiliwa bila kungoja janga.

La nne ni fidia. Anayeugua kutokana na kazi, au kutokana na athari adimu za chanjo aliyoagizwa kuchanjwa, anahitaji kujua nani atambeba. Asiye na mwajiri anayejulikana hana mlango wa kugonga.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Covid-19 si dharura tena ya kimataifa. Kazi ya mhudumu wa jamii haikukoma siku hiyo. Kifua kikuu kipo, watoto wanaendelea kuzaliwa, na wasichana wa shule wanahitaji chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Afrika Kusini ilianza kuitoa mwaka 2014.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika vitongoji vya kusini mwa Durban, kama katika vijiji vya Kigoma au mitaa ya Kisumu, methali hiyo ni ukumbusho kwa wizara za afya: anayepita kwa kila jirani akiuliza habari za chanjo anahitaji naye mtu wa kumpitia na kumuuliza.